Kinyumba cha sola cha maonesho kimegoma kuwaka? Pitia dalili moja moja hapa

Hii ni kwa mzazi, mwalimu au mwanafunzi aliyetengeneza kile kinyumba cha boksi au plaiwudi chenye paneli ya sola juu ya paa, bila betri, yaani umeme unatoka kwenye paneli unaenda moja kwa moja kwenye taa na feni, alafu kimegoma. Maonesho ya sayansi yakikaribia kila mtaa unakuta mtoto amekaa na kinyumba chake hakiwaki, na mara nyingi tatizo ni dogo tu, ila watu wanaanza kubomoa kuta na kununua paneli nyingine kabla hawajapima kitu chochote. Hiyo inaniuma sana, kwa sababu mtoto anaondoka akiamini sola ni kitu cha kubahatisha wakati paneli yake ilikuwa nzima kabisa.

Mfano nitakaotumia ni ile paneli ndogo ya volti 6 wati 1, ya sentimita kama 11 kwa 6, ndo utakayoikuta kirahisi Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi. Juani saa sita mchana inatoa miliampea kama 160. We ukiwa na nyingine badilisha namba tu, mengine yote ni yale yale.

Kitu kimoja ukikielewa vizuri dalili zote huko chini zitakuwa rahisi: volti unazosoma paneli ikiwa haijaunganishwa na chochote hazikuambii nguvu yake. Seli ya silikoni, yaani kimoja kati ya vile vipande vinavyounda paneli, inatoa kama nusu volti iwe kubwa iwe ndogo, kinachobadilika kwa ukubwa wa seli na ukali wa mwanga ni ampea. Ndo maana hata chini ya mwembe mita itakuonesha volti 5 na kitu, unafurahi, ukishaunganisha mota zinaporomoka mpaka nusu volti. Betri ina akiba ndani, ukiizidishia mzigo, yaani taa na feni, inajikaza kidogo, lakini paneli haina akiba yoyote, inatoa kile jua linacholeta sekunde hiyo hiyo basi. Kwa hiyo pima huku mzigo umeunganishwa, ndo utaona ukweli.

Vipimo vya kuanza navyo

Chukua mita, hata ile ya bei ndogo ya njano inatosha, toka nje juani kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri. Kwanza chomoa kila kitu kwenye paneli, weka mita kwenye volti 20 za DC, usome. Paneli nzima ya volti 6 itakupa kama 6.5 mpaka 7 na kidogo. Ukipata sifuri kabisa juani, basi waya umeng'oka kwenye mgongo wa paneli au paneli imepasuka ndani.

Pili pima ampea. Hamisha waya mwekundu wa mita uweke kwenye tundu la 10A, geuza kitasa kwenye 10A, alafu gusisha ncha za mita moja kwa moja kwenye chanya na hasi ya paneli. Ndiyo, ni kama unapiga shoti, ila kwa paneli ndogo hivi haina madhara, haiwezi kutoa zaidi ya uwezo wake. Usije ukafanya hivyo kwenye betri au kwenye soketi ya ukutani kamwe. Ukisoma 0.15 au 0.17, yaani miliampea 150 au 170, uko sawa. Ukisoma 0.03 na jua linawaka, kuna kivuli, kuna vumbi, au paneli haijaelekea jua. Ukimaliza rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti palepale, maana watu wengi wanausahau huko alafu kesho wanapima betri na mita inaungua.

Tatu, ambacho ndo muhimu kuliko vyote, rudisha taa na feni zako kama zilivyokuwa, zikiwa zimewashwa, upime volti pale pale mgongoni mwa paneli. Zikibaki 5 na kuendelea lakini taa haiwaki, tatizo liko njiani, kwenye waya, swichi au taa yenyewe. Zikiporomoka mpaka 1 au 2, mzigo umezidi paneli au kuna shoti mahali. Hapo tayari umeshagawa matatizo mafungu mawili na hujabomoa hata ukuta mmoja.

Nje inawaka, ukiingiza darasani inazima

Hii ndo inaumiza watoto wengi siku yenyewe. Nyumbani kiliwaka vizuri, kimefika ukumbini kimekufa, mwalimu anasema kimeharibika njiani. Hakijaharibika. Jua la mchana linafika laksi (kipimo cha ukali wa mwanga) 100,000 hivi, darasa lenye taa nzuri ni 300 mpaka 500, macho yetu yanajirekebisha ndo maana hatuoni tofauti kubwa, lakini paneli inaiona yote. Gawanya tu, miliampea 160 zinabaki chini ya 1. Hakuna mota itakayozunguka hapo, LED ikijitahidi sana itatoa kamwanga kama ka kimulimuli.

Suluhisho zuri kuliko yote ni kutenganisha paneli na paa. Weka waya wa mita tatu nne, paneli ikae nje ya dirisha juani, kinyumba kikae mezani. Juu ya paa weka plagi ndogo ili ukitaka kuonesha paneli iko mahali pake uirudishe. Kwa miliampea hizi chache waya wa urefu huo haupotezi kitu cha kukuumiza kichwa. Kuweka paneli nyuma ya kioo cheupe cha dirisha sawa, inapungua kidogo, ila kioo cha rangi kinakula sana.

Kama lazima iwe ndani, tumia taa ya balbu ya zamani ya waya unaong'aa, au halojeni, sio LED wala taa ya kubana matumizi. Silikoni inakula pia mwanga mwekundu usioonekana ambao balbu ya zamani inautoa kwa wingi na LED haina, kwa hiyo LED ya wati 10 inayoonekana kali machoni inaweza kukupa umeme kidogo kuliko balbu ya wati 60. Iweke sentimita 20 au 30, na mtu mzima awe karibu, balbu hizo zina moto, boksi linaweza kuungua na plastiki ya paneli ikapinda.

Taa zinawaka, feni haitaki kuzunguka, ukiisukuma kwa kidole inaenda

Mota inapoanza inataka umeme mwingi kuliko inapokuwa inazunguka. Vile vimota vya magari ya kuchezea vinaweza kutaka zaidi ya ampea 1 pale mwanzo, paneli yako ina 0.16, hivyo mota inaishikilia paneli chini, volti zinaanguka, na zikianguka mota haina nguvu ya kuanza, wanabaki wamekabana hapo. Mara nyingi taa nazo zinazima mota ikiunganishwa, hiyo ni dalili ile ile, usihangaike na taa.

Tafuta mota laini. Zilizomo ndani ya deki za DVD na CD zilizokufa, ile bapa inayozungusha sahani, zinaanza kwa volti kama 1 na zikizunguka bure zinakula miliampea 20 au 30 tu. Fundi redio yoyote mtaani ana boksi zima la madeki mabovu na atakupa kwa bei ya soda. Zikiuzwa dukani zinaitwa mota za sola. Badilisha na pangaboi liwe jepesi, karatasi ya manila au plastiki ya chupa ya maji, sio bati.

Kama mota nyingine huna, weka kapasita, kile kidude kinachotunza umeme kidogo, ya maikrofaradi 2200 au 4700 ya volti 16 sambamba na paneli, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, alafu swichi kati yake na mota. Acha swichi imezimwa sekunde chache kapasita ijae, ukiwasha inaipa mota teke la kwanza. Angalia upande, mstari wenye alama ya kutoa ndo hasi, ukiigeuza inavimba na inaweza kupasuka.

Mwaka 1954 Bell Labs kule Marekani walipoonesha hadharani seli ya silikoni ya kwanza yenye nguvu ya kutumika, walizungusha gurudumu dogo la pembea la kuchezea. Kitu kilichotambulisha sola duniani kilikuwa mota ndogo inayozungushwa na mwanga, na seli zile zilikuwa zinageuza asilimia kama 6 tu ya mwanga kuwa umeme. Ya kwako inageuza zaidi ya mara mbili ya hapo, kwa hiyo mota ikigoma usikubali mtu akwambie paneli ndogo haiwezi, chagua mota inayoifaa.

Feni inazunguka lakini upepo unarudi nyuma

Geuza waya mbili za mota. Basi.

Asubuhi taa iliwaka safi, saa sita ikafa moja kwa moja

Hapo umeunganisha LED bila rezista, kile kidude cha kubana umeme usipite mwingi. LED nyeupe ya milimita 5 inataka volti 3 na kidogo na miliampea 20 mwisho. Asubuhi paneli ilikuwa inatoa 15, ikapendeza, mchana ikatoa 160 zote zikapita kwenye taa moja. Ukiziweka taa kumi sambamba zinagawana na unaweza usione tatizo, ndo maana kuna watu watakwambia rezista haina umuhimu, lakini moja ikifa zilizobaki zinabeba zaidi na zinafuatana kufa.

Hesabu yake: volti za juu kabisa za paneli toa volti za taa, gawanya kwa ampea. 7 toa 3.2 ni 3.8, gawanya kwa 0.02 unapata 190, chukua ya ohm 220. Kila LED na rezista yake, sio moja ya wote. Kwa paneli yetu LED nne nyeupe zenye ohm 220 zinakula kama miliampea 50, inabaki ya kutosha kwa feni ya mota laini.

Nyekundu inawaka, nyeupe na bluu zimegoma

Watoto wanapenda rangi, wanaweka nyekundu sebuleni, nyeupe jikoni, bluu chumbani, zote sambamba kwenye rezista moja. Nyekundu inaridhika na volti 2 hivi, inashikilia laini nzima hapo kwenye 2, na nyeupe haiwezi kufungua macho mpaka ifike karibu 3. Kila moja ipewe rezista yake tatizo linaisha. Kwa nyekundu weka kubwa kidogo, ohm 270 au 330.

Umetumia taa za mkanda na hakuna kinachowaka

Angalia maandishi kwenye mkanda, karibu yote ni ya volti 12. Ndani yake LED tatu zimepangwa mfululizo kwa kila kipande, zinataka karibu volti 9 ndo ziwake vizuri. Paneli ya 6 haitoboi hata jua liwe la jangwani. Unganisha paneli mbili mfululizo, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, upate 12, au uachane na mkanda utumie LED moja moja.

Paneli mbili juu ya paa lakini nguvu ni ndogo kuliko ya moja

Hii ni tamu kidogo, nitakaa nayo. Paa la kinyumba lina mabega mawili, watu wanaweka paneli kila bega maana inapendeza, alafu wanaziunganisha mfululizo. Kwenye mfululizo umeme unaopita ni ule wa paneli dhaifu kuliko zote, ile yenye nguvu haina msaada. Na bega moja karibu kila wakati litakuwa dhaifu, hata huku kwetu karibu na ikweta ambako watu wanadhani jua liko utosini mwaka mzima. Dar iko kama nyuzi 7 kusini ya ikweta, mwezi wa sita saa sita mchana jua linakuwa limeegemea kaskazini nyuzi kama 30, mwezi wa kumi na mbili limehamia kusini nyuzi kama 17. Nairobi mwezi wa sita ni 25 kaskazini, Desemba 22 kusini. Sasa paa lako lina mteremko wa nyuzi 45, bega la kusini mwezi wa sita pale Dar linapata robo tu ya jua ambalo lingepata likielekezwa sawasawa, na hiyo ndo inayotawala paneli zote mbili.

Ziunganishe sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi. Volti zinabaki 6 na kila moja inachangia ilichonacho. Au ziweke zote bega moja na ugeuze nyumba ilielekee jua. Ukitengeneza paa jipya lilaze, mteremko wa nyuzi 15 mpaka 20 unatosha, kinyumba bado kitaonekana kinyumba.

Kivuli nacho kinafanya hivyo hivyo ndani ya paneli moja. Paneli ya volti 6 ni seli kama 12 zimefungwa mfululizo, jani la mti au kidole kikifunika seli moja tu, umeme wa paneli yote unaporomoka, sio sehemu moja ya kumi na mbili. Angalia dohani, antena, tanki la mapambo, bendera, hata ukingo wa gundi. Nimeona kinyumba kizuri sana kimegoma kwa sababu ya tanki la kifuniko cha chupa lililopakwa rangi nyeusi likakaa upande wa mashariki wa paneli. Lisogeze.

Volti juani ni 7, ukifunga paneli juu ya paa zinakuwa sifuri

Paa lako ni la foili au la makopo ya soda yaliyokatwa, sivyo? Mgongo wa paneli una vituo viwili vya shaba viko wazi, vikigusa bati hilo vyote viwili umepiga shoti. Habari njema ni kwamba paneli haijafa, ukiinua tu inarudi. Bandika selotepu nene au karatasi ngumu katikati. Na waya zinazopita kwenye tundu la bati zivalishe mrija, bati la kopo linachuna plastiki ya waya taratibu bila we kujua.

Umeunganisha kila kitu sawa, umehakiki, bado kimya

Waya umetoa wapi? Kama umeufungua kwenye transfoma au mota mbovu, ule wa rangi ya shaba unaong'aa, una rangi ya varnishi inayozuia umeme. Ukwangue kwa wembe au msasa pale ncha mpaka ubadilike rangi. Waya za chaja za bei rahisi nazo nyingine ni aluminiamu imepakwa shaba, risasi ya kulehemu haishiki vizuri, inaonekana imeshika alafu inaachia. Bora waya wa kebo ya intaneti, zile nane za ndani, ni rahisi kupata na rangi zake zinakusaidia kutofautisha.

Kulehemu kwenye paneli fanya haraka, sekunde mbili tatu, ukikawia kituo cha shaba kinabanduka na hapo ndo unaua paneli kweli. Baada ya kulehemu bandika waya na gundi ili ukivutwa using'oe kituo. LED nayo hakikisha mguu mrefu uko chanya.

Taa inawaka gizani, juani inazima

Umechukua paneli na taa kutoka kwenye zile taa za bustani. Ndani yake kuna kibodi kidogo, yaani kibao cha saketi, kilichotengenezwa makusudi kuzima taa kukiwa na mwanga ili betri ichajiwe. Ukitaka ifanye kazi moja kwa moja ondoa kibodi hicho, ila ujue paneli yake ni ya volti 2 tu, kibodi ndo kilikuwa kinapandisha umeme wa betri uifikie LED nyeupe. Utahitaji mbili mfululizo kuwasha nyeupe. Vipaneli vya kalkuleta usihangaike navyo, vinatoa umeme mdogo mno.

Paneli inateleza kwenye paa kila mchana

Gundi ya moto ya vijiti inalainika kwenye joto la nyuzi 60 na kuendelea, na paneli nyeusi juani inafika huko. Tumia silikoni ya vioo, au tepu nene ya pande mbili, na uache nafasi ndogo chini hewa ipite. Joto lenyewe linapunguza volti pia, kwa hiyo ukiona saa saba joto kali mita inasoma 6.2 badala ya 7 ya asubuhi, paneli haijachoka, imepata moto tu.

Mtoto anataka kuchaji simu kwenye kinyumba

Usiunganishe simu moja kwa moja, volti 7 zisizotulia zinaweza kuiharibu. Kile kidude cha 7805 cha kutoa volti 5 kinahitaji angalau 7 zinazoingia muda wote, paneli ya 6 ikibeba mzigo haifikishi. Weka paneli ya volti 9 au 12 yenye wati 5 na kuendelea, kwa simu hiyo peke yake, na ujue wingu likipita simu itakuwa inalia chaji imeingia chaji imetoka, ndivyo ilivyo bila betri. Pampu ya maji nayo ipe paneli yake ya wati 2 au 3, maana hizo ndogo za kuzama zinakula miliampea 100 mpaka 200 peke yake, na ikinguruma bila kutoa maji zima, itoe hewa kwa kuizamisha ikiwa imelala, washa tena.